JAHA NI AMANA: WENYE SIFA NA HAKI ZA WENYE ULEMAVU

Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu, na kumtakia rehema na amani Mtume wake Muhammad (S.A.W.), Jamaa zake na Masahaba wake, twapenda kuwaeleza ndugu zetu jambo lililozuka katika darsa yetu, ambalo mwanzo tulilidhani kuwa ni dogo, na tulipolitazama vizuri tukaona kuwa ni mlango mkubwa wa ilimu.

Katika mtaa wetu yuko mwenzetu mmoja, mshona kofia. Zamani alikuwa mkwezi. Akaanguka kutoka juu ya mnazi, miguu yake ikafa, na tangu siku hiyo riziki yake yatoka katika ncha ya sindano. Mwezi wa Ramadhani uliopita alikuja mtu mmoja mwenye sifa kubwa, ambaye hakuna haja ya kumtaja jina, akaleta viti vya magurudumu kuwagawia watu wasioweza kwenda kwa miguu. Watu wakakusanyika mbele ya msikiti, khutuba zikatolewa, picha zikapigwa kwa wingi. Na sisi tunaoandika maneno haya tulikuwamo. Bali katika picha zile twaonekana tumesimama safu ya mbele, na mkono wetu uko juu ya bega la yule mshona kofia.

Jioni ile ile, watu walipokwisha kutawanyika na adhana ya Isha ikiwa yakaribia, tulimkuta bado yuko nje, juu ya kiti chake kipya, chini ya ngazi tatu za msikiti, akingoja vijana wawili waje wambebe. Tukamwambia, "Hongera, ndugu yetu, leo Mungu amekufungulia." Akatujibu kwa adabu, "Alhamdulillahi, Sheikh. Mungu awalipe kheri. Kiti nimepata. Mlango ndio sijapata."

Neno hilo lilituingia moyoni kama mwiba. Tumepita katika ngazi zile miaka mingi, tumesomesha juu yake fadhila za sala ya jamaa, wala siku hata moja hatukuziona. Basi tukaona yatupasa kuuliza: mtu ambaye Mwenyezi Mungu amempa sifa, akawa neno lake lasikilizwa, afanye nini na sifa hiyo kwa ajili ya ndugu zake wenye ulemavu? Na je, yaliyofanyika siku ile mbele ya msikiti wetu, sisi tukiwamo, ndiyo yaliyotakiwa?

JAHA NI NINI?

Jaha ni heshima aliyo nayo mtu katika nyoyo za watu, hata akisema wakasikiliza, na akiomba wakatoa. Wengine huipata kwa ilimu, wengine kwa mali, wengine kwa ukoo, na katika zama zetu wako wanaoipata kwa mbio, kwa mpira, kwa sauti nzuri au kwa kuonekana mara kwa mara katika picha. Ulamaa wametufundisha kwamba jaha ni neema kama neema ya mali, na kila neema ina haki iliyomo ndani yake. Mwenye mali ana zaka. Na mwenye jaha naye hana budi kuitoa jaha yake, kwa kumsemea asiyesikilizwa na kumfungulia aliyefungiwa.

Katika Sura ya An-Nisaa, Mwenyezi Mungu ametujulisha kwamba mwenye kumwombea mwenziwe jambo la kheri hupata fungu lake katika kheri hiyo, na mwenye kuombea jambo baya hubeba sehemu ya ubaya wake. Basi jaha haikai bure. Ama humwinua mtu mbele ya Mola wake, ama humlemea. Na aliyenyamaza ilhali neno lake moja lingaliondoa dhulma, huyo naye ataulizwa juu ya ulimi wake kama tajiri atakavyoulizwa juu ya kasha lake.

YALIYOMPATA IBN UMMI MAKTUM

Twajua sote kisa cha Abdullahi bin Ummi Maktum (R.A.), ambaye wengine humwita Amri. Alikuwa kipofu. Alimjia Mtume (S.A.W.) huko Makka kutaka kufundishwa dini, na wakati huo Mtume alikuwa akizungumza na wakubwa wa Makureshi, akitaraji kwamba wao wakisilimu na watu wengi walio nyuma yao watasilimu. Kipofu akakatiza mazungumzo kwa kuwa hakuona waliokuwapo. Mtume (S.A.W.) akakunja uso, akageuka. Hapo zikateremka aya za mwanzo wa Sura ya Abasa, Mola wake akimfundisha kwamba huyu aliyekuja mbio na moyo wenye khofu ndiye anayestahiki kuelekewa, na wale wanaojiona hawana haja si juu yake kuwashughulikia mbele ya huyu.

Na tuangalie vizuri, ndugu zetu, kwani wengi hulisoma jambo hili juu juu. Wale wakubwa walikuwa ndio watu wenye jaha katika mji, na kutaka jaha yao iingie katika kuitumikia haki lilikuwa ni kusudio jema. Walakini tulifundishwa kwamba jaha ni chombo tu, na kwamba mtu aliyekuja kutafuta haki yake ndiye makusudio. Chombo kikimsukuma nyuma mtu aliyekusudiwa, kimekwisha kuharibika.

Kisha tutazame Mtume (S.A.W.) alifanya nini baadaye. Hapana mtu aliyekuwa na jaha kubwa kuliko yake. Je, alimpa Ibn Ummi Maktum vitu akamwacha akae mlangoni? La. Alimpa makamo. Alimfanya mwadhini pamoja na Bilali, hata katika mwezi wa Ramadhani watu wa Madina wakawa waendelea kula na kunywa mpaka waisikie adhana ya kipofu huyu. Na alipokuwa akitoka kwenda safari za jihadi, zaidi ya mara moja alimwacha yeye kuwa khalifa wake Madina, akiwasalisha watu. Macho hayakuwa na nuru, na mji mzima ukasimama safu nyuma yake.

Mwendo huo uliendelea kwa waliofuata. Ataa bin Abi Rabah alikuwa mtu mweusi, chongo, kiwete, na mwisho wa umri wake akapofuka kabisa. Naye ndiye aliyekuwa mufti wa Makka, na katika siku za Bani Umayya ikinadiwa wakati wa Haji kwamba asitoe fatwa mtu mwingine ila Ataa. Na wanahistoria wamepokea kwamba Khalifa al-Walid bin Abdulmalik aliwapa wakoma posho ili wasiombe watu, na kila kiwete akampa mtumishi, na kila kipofu akampa mtu wa kumwongoza. Basi wenye jaha wa zamani walitengeneza mambo mawili: walimwondolea mtu kizuizi kilichomzuia, na walimpa mahali pa kusimama. Kila tutakaloeleza baada ya haya litapimwa kwa mizani hiyo.

MIFANO MITATU YA ZAMA ZETU

Mfano wa kwanza ni wa mtu wa mbali nasi kwa nchi na kwa dini. Stevie Wonder, mwimbaji wa Marekani aliyezaliwa 1950 na ambaye ni kipofu tangu siku za mwanzo za maisha yake, alipata sifa ya dunia nzima kwa muziki. Wala makusudio yetu hapa si kueleza hukumu ya muziki. Twataka kutazama alichokifanya na sifa hiyo.

Kwa miaka mingi vipofu wa dunia walikuwa wakilalamika juu ya jambo moja. Kitabu kikipigwa chapa, sehemu kubwa ya vitabu haikutolewa katika maandishi ya breli, yale ya nukta zinazosomwa kwa vidole, wala kwa sauti, wala kwa herufi kubwa. Na mtu akitaka kukigeuza ili kipofu apate kukisoma, alizuiwa na sheria za haki za watungaji, ila apate ruhusa. Na kitabu kilichokwisha kugeuzwa katika nchi moja kilikuwa hakiwezi kupelekwa nchi nyingine. Ikawa nchi mbili zenye lugha moja zafanya kazi ile ile mara mbili, na maskini wasioweza kuifanya wakabaki bila kitabu. Umoja wa Vipofu wa Dunia ulipigania jambo hili muda mrefu, na katika 2009 nchi za Brazil, Ecuador na Paraguay zikaleta rasimu ya mkataba. Walakini mazungumzo yakawa yazunguka pale pale.

Katika Septemba 2010, Stevie Wonder alikwenda Geneva, akasimama mbele ya wajumbe wa mataifa katika mkutano wa shirika linalosimamia haki za watungaji na wavumbuzi. Hakuomba fedha. Aliwataka waondoe kizuizi cha sheria bila ya kuwadhulumu watungaji, na kwa maskhara akawaambia kwamba wasipofanya atatunga wimbo juu ya jambo waliloshindwa kulifanya. Mkataba ulipopatikana katika mji wa Marrakesh, nchi ya Moroko, mwezi wa Juni 2013, alikwenda huko kama alivyoahidi. Ulianza kufanya kazi tarehe 30 Septemba 2016, baada ya nchi ishirini kujiunga nao, na Kenya yetu ikaingia 2017.

Ndugu zetu, tuipime kazi hii kwa mizani yetu. Wimbo husahauliwa na makofi hukatika. Walakini leo mwanafunzi kipofu, Mwislamu na asiyekuwa Mwislamu, ana haki ya kugeuziwa kitabu akisome, kwa sababu ya kazi ya wengi wasiojulikana, na ya mmoja anayejulikana aliyekubali kuwa sauti yao. Hakuwatangulia, walikuwa wamekwisha kuijenga hoja, naye akawapa sikio la dunia.

Mfano wa pili ni wa nchi yetu. Henry Wanyoike, mtu wa Kikuyu, alikuwa kijana mkimbiaji anayeona. Katika 1995 alipatwa na kiharusi, akaamka asubuhi na karibu nuru yote ya macho yake imekwisha. Baada ya msiba mkubwa wa moyo alipelekwa kujifunza kazi za mikono katika chuo cha vipofu cha Machakos, kisha akarudi katika mbio, akifungamana kwa kamba na mwongozaji anayeona. Katika michezo ya walemavu ya Sydney, mwaka 2000, alishinda mbio za mita 5,000. Na kisa kinachokumbukwa ni kwamba mwongozaji wake alikuwa mgonjwa na nguvu zikamwishia kabla ya mwisho, hata kipofu akawa ndiye anayemvuta mwenye macho. Katika Athens, 2004, alishinda mita 5,000 na mita 10,000. Sifa hiyo hakuikalia. Aliitumia kuhimiza watu wapate kutibiwa macho mapema, akaanzisha taasisi kwa jina lake ya kuwasaidia wenye ulemavu, na kila alipokwenda alisema kwamba kupoteza nuru si kupoteza uwezo.

Mfano wa tatu umewagusa sana watu wa pwani yetu, kwani wengi waliuona kwa macho yao. Ghanim Al-Muftah, kijana wa Qatar aliyezaliwa 2002, alizaliwa na maradhi yanayozuia sehemu ya chini ya uti wa mgongo isikue, kwa hiyo hana miguu ya kusimamia na hutembea kwa mikono yake. Tarehe 20 Novemba 2022, katika kufunguliwa kwa Kombe la Dunia katika uwanja wa Al Bayt, alikaa mbele ya dunia pamoja na mchezaji filamu wa Marekani, Morgan Freeman, akasoma aya ya Sura ya Al-Hujuraat inayofundisha kwamba watu wamefanywa mataifa na makabila ili wajuane, na kwamba mbora wao kwa Mwenyezi Mungu ni mchaMungu wao. Naye kabla ya siku hiyo, pamoja na wazazi wake, walikuwa wameanzisha jumuiya ya kuwapatia watu viti vya magurudumu.

Tuliona katika mji wetu namna watu walivyofurahi. Wazee walilia. Picha yake ilipelekwa kutoka simu hadi simu. Sasa twauliza, na swali hili ni letu sote: tangu siku hiyo, ni madrasa gani katika mtaa wetu iliyofungua mlango kwa mtoto aliye kama Ghanim? Twamsifu mtoto wa Qatar, na mtoto wa jirani yetu amefichwa chumba cha uani, mgeni akija hufungiwa mlango, na mama yake akiulizwa idadi ya watoto humruka.

Hatusemi haya kwa kuzulia watu. Katika hesabu ya watu ya Kenya ya 2019, walioandikwa kuwa na ulemavu, kuanzia miaka mitano na zaidi, ni 916,692, yaani 2.2 katika mia. Na Shirika la Afya la Dunia lilikadiria katika 2022 kwamba duniani ni 16 katika mia. Hapana shaka tofauti hiyo ina sababu nyingi, kwani namna ya kuuliza na mipaka ya kuhesabu hutofautiana. Walakini kila anayeishi katika miji yetu ajua kwamba sababu moja ni kuficha. Na mtu aliyefichwa hawezi kudai haki.

MASWALI NA MAJIBU

Swali la kwanza. Ndugu mmoja wa darsa aliuliza: Je, si bora mtu afiche kheri yake, hata mkono wa kushoto usijue uliotolewa na wa kulia? Kutangaza si riya?

Jawabu: Kweli, sadaka ya siri ina fadhila kubwa, na riya ni maradhi. Walakini yako mambo mawili hapa, na kuyachanganya ndiko kulikotuponza. Kumpa mtu kitu ni jambo moja, na kumdaia haki yake ni jambo jingine. Kitu hutolewa kwa siri, ili uso wa anayepewa usidhalilike. Haki hudaiwa hadharani, kwa kuwa dhulma iko hadharani: ngazi ziko hadharani, mlango mwembamba uko hadharani, mwalimu anayemrudisha mtoto kiziwi amemrudisha hadharani. Sisi siku ile tulifanya kinyume: sadaka, iliyotakiwa sitara, tukaipigia picha, na haki, iliyotakiwa sauti, tukainyamazia. Na Qur'ani katika Sura ya Al-Baqara imetuonya kwamba masimango na maudhi huibatilisha sadaka. Basi picha ya mtu aliyeshikwa bega kama ngawira, ikatawanywa bila ya kuulizwa ridhaa yake, kama haikuwa maudhi ni nini?

Swali la pili. Iliulizwa: Mwawaleta watu wasiokuwa Waislamu kuwa mifano, je, yafaa?

Jawabu: Mtume (S.A.W.) kabla ya kupewa utume alihudhuria mapatano ya Makureshi katika nyumba ya Abdullahi bin Jud'an, yanayoitwa Hilful-Fudhul, ambayo sababu yake ilikuwa mfanyabiashara mgeni kutoka Yemen aliyedhulumiwa haki yake na mkubwa mmoja wa Makka. Na baada ya Uislamu alieleza kwamba lau angaliitwa tena katika mapatano kama yale angaliitika. Kuondoa dhulma ni kheri popote itokeapo, na aliyetutangulia katika kheri twamfuata katika hiyo kheri. Aibu si kujifunza kwake. Aibu ni kwamba sisi wenye kisa cha Ibn Ummi Maktum twahitaji kukumbushwa na wasiokuwa nacho.

Swali la tatu. Wako waliosema: Hayo ni ya wakubwa wa dunia. Sisi watu wa mtaani tuna sifa gani?

Jawabu: Kila mtu ana watu wanaomsikiliza. Imamu ana mimbari. Mwenyekiti wa kamati ya msikiti ana funguo na fedha za wakfu. Kijana anayecheza mpira, watoto wa mtaa mzima wamwiga hata mwendo wake. Msoma kaswida ana kikao cha maulidi na arusi. Mwenye duka kubwa akisema neno barazani halipingwi. Na bibi mzee ambaye wanawake wa mtaa humwendea kwa shauri, neno lake moja laweza kumtoa mtoto aliyefichwa chumbani kuliko khutuba zetu kumi. Jaha ndogo itaulizwa kwa kadiri yake, na pengine hesabu yake ni nyepesi kutimiza.

SHERIA YA NCHI YASEMAJE?

Ni vizuri ndugu zetu wajue pia kwamba katika nchi yetu jambo hili si la huruma tu. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 54, imempa mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na kutajwa kwa maneno yasiyomdhalilisha. Haki ya kuingia katika shule na taasisi kwa kadiri inavyowezekana. Haki ya kufikia mahali pa watu wote, vyombo vya safari na khabari. Na haki ya kutumia lugha ya ishara, breli na njia nyinginezo zinazofaa. Tena imeagiza kwamba hatua kwa hatua watu watano katika kila mia wa wanaochaguliwa na kuteuliwa katika mabaraza ya umma wawe ni wenye ulemavu. Basi mtu mwenye sifa akisimama kulisemea jambo hili hasimami mahali patupu; nyuma yake iko sheria, na kazi yake ni kuifanya isikike mpaka itendeke.

YALIYOTUPATA TULIPOTAKA KUTENGENEZA

Baada ya neno la mshona kofia, darsa yetu ilichanga fedha, tukamwita mwashi, akajenga njia ya saruji ya mteremko kando ya ngazi. Tulifurahi, na tulikuwa tayari kupiga picha nyingine. Alipokuja kuijaribu, kiti kilirudi nyuma, na kama si kijana mmoja kukidaka angalianguka kwa kisogo. Njia ilikuwa ya futi sita. Hapo ndipo tulipomuuliza, jambo ambalo tulipasiwa kulianza. Akatueleza kwa utaratibu kwamba kanuni yake ni futi kumi na mbili za urefu kwa kila futi moja ya kupanda. Ngazi zetu tatu, kila moja nusu futi, zataka njia ya futi kumi na nane. "Nalijua," akasema, "lakini hapana aliyeniuliza."

Ndugu zetu, hili ndilo kubwa tulilojifunza, na mifano yote mitatu yalishuhudia. Mwenye jaha asiyemuuliza mwenye haja, hata akitoa mali yake atajenga njia ya kumwangusha. Stevie Wonder ni kipofu, na walioandika hoja aliyoisemea ni vipofu. Wanyoike ajua giza la 1995. Ghanim hakusomewa aya, aliisoma yeye. Basi mwenye sifa asisimame mbele ya mwenye ulemavu akamziba, bali asimame kando yake, na akipewa mahali pa kusema, amwite naye aseme.

Sasa limebaki jambo moja zito. Njia ya futi kumi na nane haina pa kupita ila ikate baraza ya msikiti, upande ule wa kivuli ambako wazee wa mtaa hukaa baada ya Alasiri, na ambako darsa hii imekaa miaka yote. Wako waliokasirika, wakasema baraza hiyo ni ya mababu, na kwamba mtu mmoja aweza kuendelea kubebwa. Tumewasikia, na wengi wao ni wakubwa wetu na walimu wetu, wala hatuwavunjii heshima. Walakini tungekuwa waongo mbele ya Mwenyezi Mungu lau tungeandika kurasa hizi zote juu ya amana ya jaha, kisha jaha yetu ndogo tukaitia mfukoni kwa khofu ya kununiwa.

Kwa hiyo twasema wazi, na tutalisema hivi hivi mbele ya kamati ya msikiti katika kikao chake kijacho: mahali petu pa kukaa katika baraza hiyo tumepaacha. Na ikatwe. Darsa itasomwa ndani, au chini ya mwembe, au popote. Na tumeomba kwamba mshona kofia aingie katika kikao hicho aseme mwenyewe, wala si sisi kumsemea. Na kikao kifanywe chini, uani, mahali ambapo kiti chake chaweza kufika. Ikiwa wazee watakubali, alhamdulillahi. Ikiwa watakataa, tutarudi kuomba tena, kwani Ibn Ummi Maktum naye hakuondoka kwa kukunjiwa uso mara moja.

Na wewe msomaji, kabla ya kuuweka chini ukurasa huu, tazama mahali unaposikilizwa: nyumbani, dukani, chuoni, uwanjani. Ni nani asiyeweza kuufikia mlango wa hapo? Mwendee umuulize, kisha usimame naye.

Twamuomba Mwenyezi Mungu azitakase nyoyo zetu na riya, atupe macho ya kuziona ngazi tunazozipanda kila siku, na asiifanye sifa aliyotupa duniani kuwa hoja juu yetu Siku ya Kiyama. Amin.